Mkono Mdogo wa Gurudumu la Kulia

Kila asubuhi, baba mmoja huwapeleka watoto wa mtaa wake shuleni kwa gari la bluu. Gari ni kuukuu, lakini analitunza. Nyumba yake iko kwenye mteremko, na chini yake kuna barabara kubwa.

Breki ya mkono ililegea. Baba alifungua kifuniko kilicho kando ya kiti, akakaza nati ya waya. Ikalegea tena, akakaza tena. Ukawa ndio mchezo wake.

Asubuhi moja watoto walikuwa wanapanda. Gari likaanza kuteleza taratibu. Baba alikanyaga breki, likasimama. Hakuna aliyeumia, lakini mkewe aliona. Akawashusha watoto wote.

"Leo mtatembea," aliwaambia. Kisha akamgeukia mumewe. "Na kesho pia, mpaka nilione limesimama."

"Ngoja nikaze waya kidogo tu."

"Umekaza mpaka waya umekuchoka. Namwita mdogo wangu."

Mdogo wake alikuwa fundi wa magari. Alifika jioni na sanduku la spana.

"Shemeji, nasikia gari lako limeanza kwenda shule peke yake."

"Cheka tu. Nati nimekaza, breki haikamati."

Fundi aliliendesha mwendo mfupi, akaliegesha mahali tambarare. Alisogeza kiganja karibu na magurudumu ya nyuma, bila kugusa. La kushoto lilikuwa vuguvugu. La kulia lilikuwa la moto.

"Hapa ungekaanga yai, shemeji. Breki haikamati vizuri, na pia haiachii."

Aliweka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele. Akainua nyuma kwa jeki, akalikalisha gari juu ya stendi imara, kisha akatoa magurudumu.

"Sasa legeza nati yako yote."

"Yote? Nimeikaza miezi mizima."

"Yote, shemeji."

Baba alilegeza. Fundi akamwonyesha kalipa, kile chuma kinachokumbatia diski, sahani inayozunguka pamoja na gurudumu. Nyuma yake kulikuwa na mkono mdogo wa chuma.

"Ukivuta breki, waya unavuta mkono huu. Mkono unasukuma pistoni, na pistoni inabana pedi, hivi vibao vya breki, kwenye diski. Ukiachia, mkono lazima urudi mpaka mwisho. Tazama, wa kushoto umerudi. Wa kulia umebaki njiani."

"Basi waya umekwama."

"Tusibahatishe." Alichomoa waya wa kulia. Mkono haukusogea. "Waya haupo, na bado umekwama. Ubovu uko ndani ya kalipa. Kutu imeingia."

"Na nati yangu?"

"Iliongeza ubovu. Breki hii hujirekebisha pedi zinapolika, lakini mikono ikirudi tu. Waya uliokazwa sana ulizuia hata wa kushoto usirudi, mpaka ulipolegeza."

Baba alifuta mikono yake. Kisha akasema, "Nifundishe. Spana nishike mimi."

Kesho yake walileta kalipa mpya ya kulia na pedi mpya za pande zote mbili. Kushoto, baba alitaka kuisukuma pistoni ndani kwa nguvu ili pedi mpya, zilizo nene, zipate nafasi.

"Acha. Hii haisukumwi, inazungushwa. Ukilazimisha utaivunja kwa ndani."

Baba akaizungusha, ikaingia. Walifunga kila kitu, wakatoa hewa kwenye mabomba ya breki, wakaongeza mafuta ya breki. Baba alikanyaga pedali mara nyingi, mpaka ikawa ngumu. Mwisho kabisa ndipo fundi alipomruhusu kugusa nati. Baba alikaza mpaka ulegevu wa waya ukaisha, na mikono yote miwili ilikuwa bado imerudi mwisho.

"Hapo tu?"

"Hapo tu. Nati ni ya kumalizia. Si dawa."

Walizungusha magurudumu kwa mkono, yakazunguka bila kukwama. Baba akavuta breki. Yote mawili yakagoma.

Wakalipeleka gari kwenye mteremko. Mke alisimama kando, mikono kifuani. Baba alivuta breki ya mkono, akaondoa mguu kwenye pedali. Gari halikusogea hata kidogo.

"Nani amefunga?" mke aliuliza.

"Mumeo," fundi alijibu. "Mimi nilitoa mdomo tu."

Asubuhi iliyofuata, mke aliwapandisha watoto mmoja mmoja. Kisha yeye mwenyewe akaketi kiti cha mbele, ingawa hakuwa na safari.

"Endesha polepole, fundi wangu," alimwambia mumewe. "Nataka majirani watuone."