Kete za Ndege

Kila jioni, akishateka maji na kumkatia ndama majani, Kemuma alijificha nyuma ya jiko akichonga. Alikuwa darasa la saba mwaka huo wa 1974, na alitaka mkebe wake mwenyewe wa jiometri kabla ya mtihani. Cleophas, mwenye duka sokoni Nyamache, alikuwa amemwambia, "Nitengenezee drafti nzuri ya hapa barazani. Wazee wakiipenda, nitainunua. Wakiikataa, utabaki nayo."

Basi msichana akashikwa na wazimu wa uzuri. Kuku wake wa pekee alimbadilisha kwa rangi nyekundu na kijani ya kupaka ubao. Binamu yake aliyeishi Tabaka, kwenye machimbo ya mawe laini, akamletea mabaki ya mawe hayo, naye akachonga kete ishirini na nne, kila moja ndege mwenye mdomo na mkia. Nusu aliziacha nyeupe, nusu akazipaka rangi nyeusi ya viatu.

Siku ya soko aliiweka drafti barazani kwa Cleophas, lakini hakutulia hata kidogo. Aliketi, akasimama, akazunguka nguzo ya baraza, akaketi tena.

"Buya mono!" wazee wakasifu. "Ndege hawa wataruka!"

Mzee Ongeri, fundi cherehani, akacheza hadi kete yake ikafika mwisho wa ubao, ikawa kingi. Akaigeuza juu chini, kama walivyozoea kugeuza vifuniko vya soda walivyochezea, ili kingi atambulike. Ndege akaanguka ubavu na kuwaangusha wenzake.

"Kingi wangu ni yupi sasa?"

"Huyo nilishamla!" mwenzake akadai.

Ugomvi ukazuka. Punde vifuniko vya soda vikarudi juu ya katoni kuukuu, na Cleophas akatikisa kichwa. Kuku amekwenda, mkebe nao umekwenda! Machozi yakamlenga Kemuma.

"Mwanangu, umewahi kututazama tukicheza?" Mzee Ongeri akamuuliza.

"Hapana, baba. Nilikuwa nikichonga."

"Basi keti hapa."

Akaketi mpaka soko likavunjika, macho kwenye mikono yao. Wiki hiyo alikata vichwa vya ndege wote, na kila kichwa kilimuuma. Akazisugua kete zikawa bapa, kisha akachora ndege mdogo upande wa chini wa kila moja.

Soko lililofuata, kete ya Mzee Ongeri ikafika mwisho. Akaigeuza, na ndege akatokea. Baraza zima likashangilia, na Cleophas akatia mkono mfukoni.

"Umeona?" Mzee Ongeri akasema. "Mapambo ni mazuri, lakini kitu cha watu huanza na watu. Watazame kwanza, ndipo uchonge. Haya, kanunue mkebe wako, kabla miguu hiyo isiyotulia haijatoboa baraza la watu!"