Mkono wa Rosa Haujafa

Kila asubuhi Rosa alichota maji kwenye bomba la kambi ya mkonge, karibu na Korogwe, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulifungwa banzi. Tangu toroli la mkonge lilipombana juu ya kiwiko, mwaka 1959, kiganja kilining'inia tu banzi likitolewa. Hakuweza kukiinua wala kushika kalamu. Ungemwona ungemhurumia, naye angekukasirikia.

"Mkono maiti!" wenzake walimcheka.

"Chekeni, mtachoka nyinyi!"

Baba yake, Valerian, hakucheka. Alikata shauri. "Mwanangu, shule basi. Masika yakianza utakwenda Handeni, ukamsaidie shangazi yako kulea watoto."

"Siendi, baba! Bwana mganga Semboja wa hospitali amesema mshipa wa fahamu unaota upya."

"Unaota wapi? Mbona hatuuoni?"

"Unaota ndani!" Rosa alikuwa mbishi, na hapo ubishi ulimfaa. Alieleza kama alivyoelezwa hospitalini: mshipa ule ni nyuzi ndefu zinazotoka kwenye chembe hai zilizomo kwenye uti wa mgongo, shingoni. Huko ndiko hutengenezwa protini za kujengea nyuzi hizo. Kisha protini hizo husafiri ndani ya nyuzi zenyewe, polepole mno. "Kwa siku hazifiki hata upana wa punje ya ulezi, baba! Na kutoka shingoni mpaka huku ni safari."

"Hayo ni maneno tu."

"Basi gonga hapa." Alionyesha alama ya mkaa aliyojichora chini ya kiwiko. Baba akagonga kwa kidole, Rosa akaruka. "Lo! Ganzi imepiga mpaka kiganjani! Mwezi uliopita ilipiga ukigonga huku juu; ncha ya mshipa imeshuka."

Baba hakubadili shauri lake.

Rosa hakulegea. Kila siku alifungua banzi, akakinyoosha kiganja kwa mkono wa pili kama alivyoagizwa, hata alipolia kwa maumivu.

Masika yakaanza. Valerian akabeba mzigo wa nguo. "Twende. Nimengoja vya kutosha." Akasogea amshike.

"Hapana!" Rosa, banzi likiwa limefunguliwa, akanyoosha mkono wa kulia kumzuia. Kiganja kikainuka, kikasimama wima mbele ya kifua cha baba. Wote wawili wakakitazama.

"Hebu rudia," baba alisema kwa sauti ndogo.

Akarudia.

Machozi yakamlengalenga Valerian. "Nimekosa, mwanangu. Nilidhani kisichoonekana hakifanyi kazi. Kumbe mwili ulikuwa kazini siku zote, nawe hukuuacha peke yake. Kazi ya polepole si kazi iliyolala. Fungua mzigo huu, kesho unakwenda shule."