Kukonda kwa Vestina

Soko la Kasulu lilikuwa limefurika watu siku Kipriani alipomkanyaga Vestina. Alikuwa anarudi kinyumenyume na mkungu wa ndizi begani, huku akibishana na muuzaji, wakati Vestina ameinama anachagua mboga za lenga lenga. Yowe alilopiga liligeuza vichwa mpaka kwa wauza dagaa.

"Samahani, dada! Nimekuumiza?"

"Umenivunja kabisa."

"Basi nikubebe."

Vestina alikuwa mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, na gauni lake la kitenge cha njano lilimbana mabegani. Alimpima kwa macho kijana huyo mwembamba. "Unibebe mimi? Tua kwanza ndizi, halafu kaite wenzako."

Kipriani alicheka mpaka mkungu ukamponyoka. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa Kibondo, akipeleka unga na maharage kwenye kambi za wakimbizi. Tangu siku hiyo, kila alipopita Kasulu alisimamisha lori mbele ya duka la Abdalah, ambako Vestina alikuwa na cherehani yake barazani. Akiwa Kibondo alipiga simu dukani humo, na Abdalah akaita kwa sauti ya kuchoka, "Vestina, yule wako!"

"Halo, mke wangu."

"Mke wa nani? Mahari ulimpa nani?"

"Umekula nini leo?"

"Maharage na majani ya sombe."

"Na nyama je?"

"Nyama nimewaachia simba."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini nyuma ya mzaha kulikuwa na hofu. Mama yake alikuwa ameanguka jikoni mchana, akapooza, hakusema tena mpaka akafa. Vestina alipoanza kuumwa kichwa alikwenda hospitali, na daktari alipompima akakuta presha iko juu. Kisha akamwandikia dawa na kumwambia: aache nyama, maandazi, soda na vyote vya kukaanga. Ale maharage, mboga za majani, viazi vitamu na matunda, na mwili upungue. "Si kwa mwezi mmoja," daktari alisema. "Ndiyo maisha yako."

Hakumwambia Kipriani. Mwanaume gani anachumbia mgonjwa?

Mwaka huo mvua za elnino zilikata barabara. Lori la Kipriani likakwama upande wa Kibondo, simu nazo zikawa hazipatikani. Vestina aliendelea na majani yake, na mwili ukaanza kuyeyuka. Alipunguza gauni la njano, akalipunguza tena. Kichwa kilipona. Kila alipopimwa, presha ilikuwa imeshuka.

Ila sokoni walikuwa na hesabu yao. Miaka hiyo mtu akikonda, jina la ugonjwa lilikuwa moja tu: ukimwi.

"Kakanyaga umeme," walinong'ona. "Si mnajua, bwana wake dereva."

Shangazi yake Rosa, aliyekaa naye, alikuja na bakuli la nyama yenye mafuta. "Kula, mwanangu. Unene ukirudi, watanyamaza."

"Shangazi, mama alikufa hivyo."

"Na wewe utakufa kwa maneno."

Barabara ilipofunguka, Kipriani aliteremka kwenye lori amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akitabasamu. Halafu akamwona. Mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza, mashavu yameingia. Tabasamu lilikufa usoni.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimepungua tu."

Alikunywa nusu kikombe cha chai, hakumshika hata mkono, akaondoka. Hakupiga simu tena.

Vestina alijua maneno ya sokoni yamemfikia. Basi, akasema, kama ni unene wanautaka, nitawapa. Akala nyama ya Rosa, akala maandazi, akaacha hata dawa. Mashavu yalianza kurudi, na majirani wakamsifu. Asubuhi moja akiwa kwenye cherehani, vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi, na mdomo ukawa mzito. Alitaka kumwita Abdalah, sauti ikatoka imevurugika. Hofu iliyomshika hakuwahi kuijua. Alimwona mama yake pale sakafuni.

Ganzi iliachia njiani kwenda hospitali. Daktari alipima, akaketi karibu naye. "Hilo lilikuwa onyo. La pili huenda lisiachie. Unakula ili uishi, au ili usisemwe?"

Vestina alirudi kwenye maharage siku hiyo hiyo. Kesho yake akamwomba Abdalah simu, akapiga Kibondo.

"Kipriani, nina presha. Nilikuficha. Nimekonda kwa chakula cha daktari. Kama umeniacha kwa maneno ya sokoni, niambie mwenyewe."

Upande wa pili akasikia mwanaume akilia.

"Sikukukimbia wewe, Vesti. Nilidhani nimekuua. Kaka yangu Pasikali alikuwa dereva kama mimi. Alikonda hivyo hivyo, tukamzika. Mimi nimeishi barabarani, sijawahi kupima."

Vestina alikuwa amepiga simu kuondoa hofu ya mtu, sasa amepewa mpya, nayo ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza.

"Njoo," alisema. "Tukapime wote."

Walitolewa damu, wakaambiwa majibu yatatoka Kigoma, wasubiri. Kusubiri huko kuliwatafuna. Kipriani alipanga chumba jirani, na kila mchana alikuja kula. Siku moja Vestina aliisukuma sahani.

"Kama ninao, haya majani ya nini? Si bora nile ninachotaka nife?"

Kipriani aliirudisha sahani mbele yake. "Hatujui, Vesti. Tunachojua ni presha. Hiyo tuishike. Kula, na mimi nakula."

Siku ya majibu walikaa kwenye benchi la hospitali. Mlango ulipofunguliwa na wengine wakaitwa, Kipriani aliuliza, macho chini, "Utaolewa na mimi?"

"Unauliza sasa?"

"Nikiuliza baada ya majibu, hutajua kama nilikutaka wewe."

"Yakiwa mabaya?"

"Nitakuoa nikiwa naogopa. Hata sasa naogopa."

Vestina alimshika mkono. "Nimekubali," alisema, na ndipo wakaitwa.

Wote wawili walikuwa salama. Kipriani hakuelewa mpaka daktari aliporudia, na alipoelewa aliketi sakafuni.

Walifunga ndoa baada ya mavuno. Vestina alivaa gauni jeupe aliloshona mwenyewe kwa kipimo cha mwili wake mpya, na ukumbini watu walinong'ona kama kawaida. Rosa alimwinamia sikioni na kipande cha nyama kwenye uma. "Kidogo tu, mwanangu. Watu wanakutazama."

Vestina aliwatazama, mmoja mmoja. Hofu ya watu haikuwa imeisha. Akausogeza uma pembeni kwa upole.

"Waache watazame, shangazi," alisema. "Niongezee maharage."