Vidonge vya Akiba

Asubuhi zetu kule Guta zilianza kwa kuchota maji. Dada yangu Hyasinta alitangulia na ndoo kichwani akiimba nyimbo za kwaya, nami nikimfuata kwa miayo. Ilikuwa miaka ya shida. Sabuni tuliikata vipande vidogo kwa uzi, na chai tuliinywa bila sukari. Hata hivyo naikumbuka kwa hamu miaka ile, maana nyumba ilijaa sauti yake.

Siku moja Hyasinta hakuimba. Kila alipokwenda haja ndogo alilia kwa maumivu, na mwili ulimchemka. Zahanati walimpima mkojo, wakampa vidonge. Baada ya siku chache alikuwa anaruka kamba. Bibi yetu, Dafroza, akavifunga kwenye kitambaa vidonge vilivyobaki.

"Akiba haiozi," alisema. "Kesho ataumwa mwingine, na dawa hakuna."

Nyumba nyingi zilifanya vivyo hivyo, nasi tulimwona Bibi ana busara kweli.

Muda si mrefu Hyasinta akaugua tena, safari hii akishika kiuno na kutapika. Baba mdogo Masatu alimpakia kwenye baiskeli, mimi na Bibi tukafuata mbio. Mganga wa zahanati, Bwana Renatus, alimgusa kiunoni, akakunja uso.

"Mama, ugonjwa umepanda kwenye figo. Dawa alimaliza?"

"Si alishapona, mwanangu? Zingine tunawekaga."

"Hakupona. Bakteria hawa wajanja sana. Wana vinyweleo vya kung'ang'ania, mkojo hauwasombi. Askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, wakiwasaka, wao wanajipenyeza ndani ya ukuta wa kibofu. Ni kama kunguni. Ukiwamwagia maji ya moto mara moja wanaingia kwenye nyufa, wewe unalala ukidhani wameisha."

Bibi akajifunika uso kwa khanga. Niliogopa mno, kwani sikuwahi kumwona akilia.

Hyasinta alichomwa sindano, kisha akapewa vidonge upya. Homa ilishuka upesi, lakini Bibi aliendelea kumsimamia kila kidonge.

Kabla havijaisha, jirani yetu Eufrasia akaja kuomba viwili tu, vya mwanawe mwenye homa. Bibi, ambaye hakuwahi kumnyima mtu hata chumvi, akakataa. Akavaa kandambili zake.

"Mbebe mtoto, twende zahanati akapimwe," alisema. "Mgonjwa anaweza kucheka huku mdudu bado kajificha. Mimi nilimkatizia mjukuu wangu dawa kwa upendo, mama, na upendo huo ulikaribia kumuua."