Ubao Mmoja Msituni

Kila Jumamosi asubuhi, kabla wageni hawajafika, Yusra alifagia majani kwenye njia ya mbao inayopita ndani ya msitu mtakatifu wa wazee, uitwao kaya, karibu na Munje. Miti ya humo ni mikongwe, na haruhusiwi mtu kuokota hata kijiti. Kazi yake ya pili ilikuwa kukanyaga kila ubao kwa kisigino na kusikiliza. Ubao uliolegea ulifungwa kitambaa cha kaniki, kisha fundi Kibwana akaitwa. Ikishafungwa kaniki, hapiti mtu.

Jumamosi hiyo Yusra alikuwa mbiombio. Timu yao ya netiboli ilikuwa na mechi, na rafiki yake Caroline alikuwa akimwita kutoka barabarani. Ubao wa karibu na mti mkubwa wa mtandarusi ulibonyea chini ya kisigino chake. Kumfuata fundi ni kukosa mechi! Akaufagia vizuri, akaenda zake.

Langoni alimkuta shangazi yake, Bi Mwanatumu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni msituni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbao ni salama?"

"Salama kabisa."

Maskini Yusra hakukumbuka kwamba katika kaya mwenyeji ndiye humtangulia mgeni. Shangazi alitangulia. Ubao ulikatika, mguu wake ukatumbukia, na mfupa ukavunjika.

Hospitalini alitiwa vyuma. Daktari alisema mguu huo hautarudi kuwa kama zamani. Njia ikafungwa, wageni wakakoma, na akina mama wa kijiji walioiendesha na kuitegemea kwa riziki wakabaki kukaa bure. Lawama zote zilimwangukia Kibwana.

"Umetuwekea mbao mbovu!" walimwambia, wakamfukuza. Mzee wa watu alilia mbele yao, na Yusra aliona kwa macho yake.

Mwishowe Yusra alikwenda kupiga magoti kando ya kitanda cha shangazi.

"Shangazi, mzee Kibwana hana kosa. Ule ubao niliujua. Nilinyamaza nikaenda kucheza."

Bi Mwanatumu aliugusa mguu wenye vyuma. "Mguu huu ndio uliokuwa ukitulisha, Yusra."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Lakini msamaha hauungi mfupa."

Akawaita akina mama na fundi, na Yusra akasema yote mbele yao. Akina mama walimwomba Kibwana radhi kwa aibu, wakamwambia arudi kazini.

"Nawasamehe," alijibu Kibwana. "Lakini nirudi kazi gani, na njia imefungwa?"

Walipoondoka, Yusra alilia kwa uchungu. Shangazi alimshika mkono.

"Umefanya vyema kusema, mwanangu, maana jina la mtu limesafika. Lakini ungeusema ukweli huu asubuhi ile, ungekosa mechi tu, nami ningekuwa natembea. Ukweli usiucheleweshe tena."