Ubavu wa Kushoto

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Mkunga na Fundi walivuta turubai, na gari likaonekana limebabuka. Rangi ya bluu ya ubavu wa kushoto, kuanzia madigadi ya mbele hadi katikati ya mlango, ilikuwa imevimba malengelenge na kudondoka vipande vipande sakafuni. Kando ya gurudumu kulikuwa na kopo tupu la mafuta ya breki, ambayo hula rangi ya gari, na juu ya kopo tambara la Fundi.

Saa mbili kasorobo akafika inspekta wa kike ambaye kituo kizima kilimwita Msasa, kwa sababu alikuwa akikusugua taratibu mpaka rangi ya juu itoke. Alikuta ugomvi umeshapamba moto. Gari lilikuwa la marehemu, na warithi wake walikuwa wawili: mwana wa kiume, ambaye alipenda kuitwa Bosi na watu wakamridhisha, na dada yake, mkunga wa zahanati ya jirani. Fundi mzee aliyelitunza gari hilo miaka kumi na tisa alikuwa ameketishwa kwenye tairi kuukuu, askari wawili wamemsimamia kichwani.

"Afande, usijisumbue," Bosi alisema kabla hata ya salamu. "Mtu wako huyo hapo. Nilimfukuza kazi mwezi wa tatu. Jana saa kumi na moja jioni huyu dada yangu, kwa kiherehere chake, akampa ufunguo aje leo asafishe gari kabla ya mthamini. Kalipa kisasi chake. Mfunge pingu twende."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi kaa kimya mpaka nikuulize."

Bosi alifura, lakini alinyamaza. Hakuzoea kuambiwa hivyo, hasa na mwanamke, na Msasa alilijua hilo na likamfurahisha kidogo.

Alilizunguka gari polepole. Lilikuwa la milango miwili, la mwaka elfu moja mia tisa themanini na tisa, limeegeshwa uso ukitazama mlango wa gereji. Boneti iling'aa kama kioo. Ubavu wa kulia, uliokuwa na nafasi kubwa, haukuguswa. Ubavu wa kushoto ulikuwa umekaribiana na ukuta kiasi kwamba Msasa, ambaye hakuwa mnene, ilimbidi apite kiubavu na kuvuta tumbo ndani. Alisimama pale kwa muda, mgongo umegusa ukuta. Mtu mwenye hasira ajibane hapa kufanya nini, na boneti yote hiyo ipo wazi?

Akainama kwenye taa za mbele. Indiketa ya kulia ilikuwa imepauka kwa umri, ya kushoto rangi yake ya machungwa ilikuwa kali.

"Bosi," aliita, "hili gari lina nini cha ajabu? Mimi naona gari la zamani tu."

Bosi alicheka kwa dharau. "Ndiyo maana wewe ni polisi. Hili si la zamani, wala si jipya. Watu waliolitamani wakiwa wadogo, wakabandika picha yake ukutani, sasa wana uwezo. Kila mwaka linapanda. Lakini linapanda likiwa halisi. Rangi ya kiwandani, vioo vya kiwandani, hata parafujo. Mimi situpi kitu cha gari hili, hata nati iliyokatika naiandikia kikaratasi naiweka kabatini. Unafikiri nani ameumia leo? Mimi!"

Maneno hayo yalikuwa na uzito. Mwenye mali ndiye aliyepata hasara, na hilo lilimwondoa kwenye orodha ya washukiwa ya kila mtu aliyekuwa pale.

Msasa akamgeukia Mkunga. "Jirani yenu ameniambia hapo nje kuwa jana asubuhi ulitamka neno. Ulisema nini?"

"Nilisema likiungua nitalala usingizi mzuri. Na nitarudia hata mahakamani." Mkunga hakupepesa jicho. "Baba alilipenda hili bati kuliko sisi. Mimi nataka liuzwe, kila mtu ashike njia yake, nisimwone tena huyu. Yeye alikataa kuuza miezi saba nzima. Jana nikamwita mthamini kwa nguvu, aje leo."

"Usiku ulikuwa wapi?"

"Zamu. Nimezalisha watoto watatu, majina yamo kwenye daftari la zahanati. Nimetoka saa kumi na mbili na nusu, nikampitia Fundi kwake."

"Muongo!" Bosi alifoka. "Mmepanga nyie wawili!"

"Muongo ni wewe, na ulianza utotoni."

Msasa aliwaacha watukanane, akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi mbele ya Fundi. Mzee alikuwa na macho mekundu na mikono yenye nyufa za oili.

"Tambara ni lako, mzee?"

"Langu. Liliachwa humu nilipofukuzwa, pamoja na spana zangu zote. Sikupewa nafasi ya kuchukua hata kofia."

"Ulifukuzwa kwa kosa gani?"

"Sijui mpaka leo. Mke wangu aligongwa na gari Jumatatu jioni, pale nyuma kwenye barabara ya mashine ya unga. Aliyemgonga hakusimama. Nikazika Jumanne. Jumatano saa nne asubuhi Bosi akaja msibani, watu bado wamekaa. Nikasimama kumpokea, nikadhani amekuja kunipa pole. Akaninyooshea mkono, akaniambia, 'Ufunguo.' Basi. Nikampa."

Msasa alihisi aibu ikimpanda shingoni, kwa kuwa kesi ile aliijua. Ilikuwa yake. Jalada lake lilikuwa kwenye droo ya chini ofisini, na ndani ya jalada bahasha yenye kipande kimoja cha plastiki ya rangi ya machungwa kilichookotwa barabarani. Walikizungusha kwenye maduka ya vipuri, wakaambiwa hakifanani na taa yoyote wanayouza. Hakuna aliyefikiria kumwonyesha mfiwa, ingawa mfiwa alikuwa fundi wa magari.

"Kalete bahasha ya kaki, droo yangu ya chini," alimwambia askari mmoja. "Kimbia."

"Bahasha ya nini?" Bosi aliuliza.

"Nilisema ukae kimya mpaka nikuulize."

Saa tatu kamili mthamini akaingia na mkoba wake. Alipoliona gari alishika kichwa, kisha akatoa kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi. Msasa akamwomba apime pande zote mbili, pale ambapo mafuta hayakufika. Mthamini alipima mlango wa kulia, akaandika. Akajipenyeza kushoto, akapima ukingo wa chini, akakunja uso, akapima tena.

"Hapa rangi ni mara tatu ya kule," alisema. "Kulia ni ya kiwandani. Kushoto pamenyooshwa na kupakwa upya, si zamani."

"Kwa hiyo leo ungegundua?"

"Kabla sijanywa chai."

Msasa alilitazama kopo la mafuta ya breki: aliyeyamwaga alikuwa anaificha rangi hii mpya, si kulipa kisasi.

"Mzee," Msasa alimwita Fundi, "inuka. Tazama indiketa ya kushoto."

Fundi alijikongoja, akapiga magoti mbele ya gari, akaipapasa taa kwa kidole gumba. "Hii si yangu. Yangu nilikuwa naisafisha kila Jumamosi, ilikuwa na mkwaruzo hapa chini. Nani kaibadilisha?"

Bosi alijifuta jasho. "Ilipasuka yenyewe. Vitu vya zamani hupasuka."

"Ya zamani iko wapi?"

"Nilitupa."

"Asubuhi hii hii umeniambia hutupi hata nati."

Kabati la vipuri lilikuwa nyuma ya Bosi, limefungwa kufuli, naye alikuwa ameshalisogelea bila kujijua.

"Fungua."

"Huna kibali. Hii ni mali ya urithi."

"Urithi wa wawili," Mkunga alisema. Sauti yake ilikuwa imepoa, na ilitisha zaidi kuliko alipofoka. "Nusu ni yangu, na mimi nimekubali. Vunja, afande."

Askari alivunja kwa nyundo ya Fundi mwenyewe. Rafu ya tatu, ndani ya kitambaa cha sufi, ilikuwemo indiketa iliyopasuka. Kikaratasi kilifungwa kwa uzi, mwandiko wa Bosi: *Mbele kushoto. Halisi. Isitupwe.* Chini yake, tarehe ya Jumatatu ile.

Msasa alipokea bahasha kutoka kwa askari aliyerudi akihema. Akakitoa kipande, akakiweka kwenye pengo. Kilikaa sawasawa, na mkwaruzo ukaungana.

"Baba alikuwa amelazwa," Bosi alisema, hakuna aliyemuuliza. "Nililitoa kidogo tu. Yule mama alikatiza ghafla..."

"Kwa nini hukusimama?" Mkunga alimuuliza. "Ungeniita mimi. Zahanati ni hatua mia mbili."

"Wangelichukua gari kuwa kielelezo! Mmeiona yadi ya polisi ilivyo? Lingekaa juani, linyeshewe mvua miaka mitatu. Lingekwisha!"

Fundi alimgeukia Bosi. "Alikuwa hai?" aliuliza.

Bosi alimpa mgongo, akamnyooshea askari mikono afungwe pingu.

Saa tano gari la kuvuta lilifika. Bosi alikuwa ameshapelekwa, na mawingu yalikuwa yameanza kushuka. Dereva alifunga minyororo, kisha akauliza kama lipo la kulifunikia, maana mvua haiko mbali na yadi haina paa. Wote wakamtazama Fundi, aliyekuwa ameshika turubai.

Alilitandaza sakafuni, akalikunja pembe kwa pembe, kama alivyolikunja kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa. Akalitia kwapani.

"Livuteni hivyo hivyo," alisema, akatoka nalo kwenda kwake.