Mguu wa Wifi

Uga, yule kaa wa nazi, akikushika, usivute. Kila mtoto wa kijiji cha Hakupu analijua hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Lineahi naye alikuwa ameambiwa, tena mara nyingi, tena kwa kejeli. Lakini kidole gumba kilipobanwa akili ilimruka, akavuta. Kaa yule alikuwa mkubwa kama sufuria ya kulisha watu wanane, bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Akazidisha nguvu. Kitu kikaalika ndani ya kidole, na damu ikachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Wifi! Njoo, ananikata!"

"Usivute, we mwanamke!" Sauti ya Moka ilitoka nyuma ya mikadi. "Nimekwambia mara ngapi? Huko kwenu Auckland mnavuta kila kitu?"

Moka alikuwa dada wa Ikipa, mume wa Lineahi. Tangu Lineahi, Ikipa na mtoto wao Puleosi wahamie kisiwani, miezi tisa sasa, mawifi hawa wawili hawakuwa wamemaliza siku tatu bila kurushiana maneno. Moka alimcheka Lineahi mashimo yake ya taro, magimbi ya huko. Alimcheka ukili wake uliopinda. Siku moja alimcheka mbele ya kina mama wote kanisani, eti alichoma samaki katika umu, tanuri la shimoni lenye mawe ya moto, mpaka wakageuka makaa. Lineahi aliyameza yote. Alikuwa mtu wa kuweka moyoni, na moyo ulikuwa umejaa hadi kwenye koo.

Ndiyo maana alipenda uga. Ikipa alikuwa na mtumbwi wake, anauchonga kila jioni na hauishi. Puleosi alikuwa na mpira na wenzake. Yeye akapata uwindaji: unaipasua nazi, unaifunga mtini kwa nyuzi za kumbi lake lenyewe, unaondoka, alfajiri unarudi kuona nani amekuja kula. Alianza kwa kujifurahisha tu. Kisha akagundua kwamba katika jambo hili moja angeweza kumshinda Moka, na raha ikaingia sumu kidogo.

Jumamosi Puleosi angenyolewa nywele zake, zile ambazo hazijaguswa na mkasi tangu kuzaliwa, na karamu ya kunyoa bila uga ni aibu ya ukoo mzima. Alhamisi alfajiri mawifi wakaingia msituni pamoja, kila mmoja na gunia lake. Moka alikuwa ameonya: usifunge chambo upande wa bahari, jiwe la huko limeoza. Lineahi akafunga hukohuko, kwa sababu wakubwa hukaa huko.

Sasa Moka akatokea nyuma ya mikadi, panga kiunoni, anacheka hata kabla hajafika. Aliinama, akapitisha vidole chini ya mkia laini wa kaa yule, akamtekenya. Gando likaachia.

"Unaona? Kama mtoto mchanga." Akamnyanyua kwa nyuma, akamwinua juu kama kikombe cha ushindi. "Loo, mkubwa kweli! Leo umeniweza."

Akarudi hatua moja nyuma ili amwangalie vizuri. Jiwe likakatika.

Hakupiga hata kelele. Alikuwepo, kisha hakuwepo, na kutoka chini ukasikika mshindo, halafu mwingine, halafu maji. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo asiyesikia alikuwa mmoja, na guu likawa la mwenziwe.

Lineahi alitambaa kwa tumbo hadi ukingoni. Ufa ulikuwa na kina cha nyumba mbili zilizopandana, kuta zake matumbawe makali kama vigae vya chupa. Chini palikuwa na sakafu ya mawe yenye upana wa kitanda, na upande mmoja tundu lililofunguka baharini. Moka alikuwa amekaa palepale, uso umejaa damu.

"Wifi, uko hai?"

"Ningekuwa maiti ningekujibu?" Akapumua kwa shida. "Mguu umeingia katika mwanya. Hautoki."

Kisha bahari ikaingia. Tangu jana redio ilikuwa imetangaza kimbunga kilicho mbali kaskazini, hakina haja na sisi, watu walale. Kimbunga chenyewe hakikuja, ila mawimbi yake yalikuwa yamesafiri usiku kucha. Maji yalipenya tunduni kwa mngurumo, yakamgonga Moka kifuani, yakampiga kisogo ukutani, yakapanda hadi mabegani, yakarudi yakivuta kila kitu isipokuwa yeye.

"Maji yanajaa au yanakupwa?" Lineahi alipaza sauti.

"Yanajaa. Tena bamvua." Moka alinyoosha mkono kuonyesha mstari wa ukungu wa kijani ukutani, juu sana ya kichwa chake. "Yatafika pale. Nenda kawaite watu."

"Barabara iko mbali kiasi gani?"

"Kwa mguu wangu, saa nzima. Kwa wako, mbili."

Kwenda mbili, kurudi mbili. Lineahi hakuwa mwepesi wa hesabu, lakini hiyo aliiweza. Akachukua panga lake na nusu ya nazi ya chambo, akavifunga kiunoni kwa shuka lake, akashika mizizi ya mkadi iliyoning'inia ufani na kuanza kushuka.

"We! Nimesema nenda!"

"Nyamaza, wifi."

Mizizi iliisha kabla ya ufa kuisha. Akajiachia. Matumbawe yalimparua tumbo na mapaja, nyama ikafunguka, na chumvi ikaingia humo mpaka akaona nyota. Akatua kwa magoti kando ya Moka. Wimbi lililofuata likamkuta hajasimama, likamnyanyua, likampigiza ukutani kwa paji la uso. Nyusi ikapasuka. Kwa muda alikuwa akiona kwa jicho moja.

Mguu wa kulia wa Moka ulikuwa umezama mwanyani hadi juu ya kifundo. Lineahi akaingiza panga, akakata kiatu, akakitoa vipande vipande. Akavuta. Moka akapiga ukelele. Lineahi akachukua ile nazi, akaitafuna mdomo umejaa, akatema tui mkononi, akapaka mguu pande zote mpaka ukateleza kama samaki. Akavuta tena. Kisigino kilisogea, kisha mfupa wa kifundo ukagonga ukingo wa jiwe, ukakwama. Akapiga jiwe kwa panga. Panga likakatika katikati.

"Shika pumzi!"

Wimbi hili liliwafunika wote wawili. Lineahi alishikilia nywele za Moka ili amweke kichwa juu, lakini hapakuwa na juu. Maji yalipoondoka Moka alitapika, akakohoa damu, akamkazia macho.

"Livunje," alisema.

"Jiwe halivunjiki, nimejaribu."

"Siyo jiwe. Guu. Hapo kwenye kifundo. Likivunjika litapita."

"Siwezi."

"Utaweza au utanitazama nikifa. Chagua upesi, maji hayasubiri."

Lineahi akatafuta jiwe la kushika kwa mikono miwili. Kidole gumba kilichokatwa na kaa hakikujikunja, ikabidi alikumbatie jiwe kwa viganja. Akafumba macho, akapiga. Ngozi ikachanika, mfupa ukabaki mzima. Moka akaunguruma kama nguruwe aliyechomwa mkuki, kisha akaanza kutukana.

"Unapapasa? Unanipapasa? Ndiyo maana hata taro zinakushinda! Kaka yangu alikuokota wapi wewe? Mikono ya kushika kikombe cha chai! Piga, mgeni mkubwa wewe!"

Neno hilo lilikwenda likagusa pale penyewe. Lineahi alisikia kile kicheko cha kanisani. Aliona shingo za kina mama zikigeuka. Miezi tisa ya kumeza ilipanda kwa mara moja kutoka tumboni hadi mabegani, akafumbua macho, akamwangalia wifi yake usoni, akalishusha jiwe kwa nguvu zake zote. Alitaka limuume. Hilo ndilo alilolitaka wakati ule, wala siyo jambo jingine.

Mfupa ukalia kama kuni kavu. Moka akazimia.

Mguu ukatoka umepinda pembeni, unaning'inia. Lineahi akamfunga Moka mgongoni kwa shuka, kama afungwavyo mtoto, mafundo mawili kifuani. Hakuweza kupanda ukuta na mzigo ule. Mita tatu juu yao palikuwa na ubao wa jiwe uliojitokeza ukutani, na juu yake ndipo ilipoanza mizizi. Bahari iliyokuja kuwaua ndiyo peke yake yenye nguvu ya kuwafikisha hapo. Akageuza uso ukutani, akaacha wimbi dogo lipite, akaacha jingine. Lilipokuja kubwa hakulipinga. Akajiachia, likawapandisha likiwasugua ukutani, na mikono yake ikakwangua jiwe mpaka ikapata ukingo. Maji yakaondoka chini yao, uzito wote ukamwangukia mabegani, kucha mbili zikang'oka. Hakuachia. Akalia kwa sauti, akajivuta, goti moja, kisha la pili.

Toka pale hadi juu ya ufa alipanda kwa mizizi na kwa meno. Alipofika alilala kifudifudi na Moka juu yake, akisikia wimbi jipya likijaza lile shimo lote.

Msitu wa pwani ile hauna njia. Ni miiba ya jiwe imesimama kila upande, ukianguka unachomwa. Alikata fimbo mbili kwa kipande cha panga alichokuwa amekichomeka kiunoni, akaufunga mguu kwa ukanda wa gunia. Akaanza kutembea. Baada ya muda akasimama. Bahari ilinguruma mbele, ikanguruma na nyuma, kwa sababu nyufa zote zilikuwa zikipokea mawimbi na kuyatangaza.

Akampiga Moka kofi. "Wifi! Amka! Bahari iko wapi?"

"Usisikilize," Moka alinong'ona. "Masikio yatakudanganya. Jua li wapi?"

"Begani kushoto."

"Liweke mgongoni. Miti ikirefuka, uko sawa. Maji ya kunywa?"

"Hakuna."

"Basi usiongee."

Alianguka mara tatu. Mara ya tatu jiwe lilimwingia gotini na akabaki pale, kinywa kikavu, akimwambia Mungu maneno ambayo hayasemwi kanisani. Akalamba umande kwenye majani mapana, akamkamulia Moka mengine mdomoni. Akanyanyuka. Jua lilipofika utosini lilikoma kumwonyesha chochote, lakini miti ilikuwa imeshakuwa mirefu. Udongo mwekundu ukaanza, mashina ya taro yakaonekana, na jirani mmoja aliyekuwa akipalilia akatupa jembe lake, akakimbilia pikapu.

Jumamosi Puleosi hakunyolewa. Karamu iliahirishwa, naye akafurahi kubaki na misuko yake. Hospitalini mguu wa Moka ulitiwa vyuma. Daktari alisema atatembea, ila kwa kuchechemea, maisha yake yote.

Jumapili baada ya ibada Lineahi alienda hospitalini peke yake, uso umeshonwa, mikono yote imefungwa bendeji. Ikipa alikuwa amemsifu. Mchungaji alimsifu mbele ya watu. Kila sifa ilimchoma, na tangu Alhamisi hakuwa amelala. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Wifi, nina jambo. Nisiposema litaniua."

"Sema."

"Lile pigo la pili." Akautazama mguu uliotiwa vyuma. "Sikukupiga ili kukuokoa. Nilikupiga kwa sababu nilikuwa nakuchukia."

Moka akajisogeza kwenye mto, akikunja uso kwa maumivu.

"Unadhani sikujua? Kwa nini nilikutukana? La kwanza lilikuwa la huruma, na huruma yako haikufua dafu. Nilijua una kitu chenye nguvu zaidi, maana nilikuwa nimekitia humo mwenyewe, miezi tisa." Akavuta pumzi. "Sasa nisikilize. Nipende ukitaka, lakini hasira hiyo usiimwage yote. Bakiza kidogo. Kisiwa hiki kina mashimo mengi."

Lineahi akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio ambacho hakuweza kukizuia. Moka akamshika kwenye kifundo cha mkono, mahali pekee pasipokuwa na bendeji, akakaa hivyo mpaka muuguzi alipokuja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.